Ulimi hauna mikoa

Jumamosi nilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara huko Kibosho. Nimekaa vizuri na sahani yangu ya machalari, shemeji mmoja akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naonja kahawa. "Ahaa! Kwa hiyo unaipeleka nyuma ya ulimi, si ndiko uchungu unakosikika?" Kabla sijameza, simu imeshatoka mfukoni, na ile picha ninayoijua kuliko picha yangu ya kitambulisho iko mbele ya macho yangu: ulimi wenye rangi nne, utamu mbele, chumvi na uchachu pembeni, uchungu mwisho kabisa kule kwenye koo. Nimeonyeshwa picha hiyo na wanafunzi wa chuo, na wakulima, na safari moja na daktari wa meno. Shemeji hakuwa na kosa lolote ila kuwa wa mia na kitu. Naandika leo ili nikiulizwa tena nitume linki, niendelee na machalari.

Ulimi hauna mikoa. Chukua kijiti, kichovye kwenye kahawa chungu ya yule jamaa wa birika pale stendi, gusa ncha ya ulimi. Uchungu utausikia palepale. Vile vijinundu vinavyonasa ladha vimesambaa ulimini, vipo hadi kwenye kaakaa laini na kooni, na popote vilipo vinanasa ladha zote. Sehemu moja inaweza kuizidi nyingine kidogo. Kidogo sana.

Hicho "kidogo sana" ndicho kilichozaa picha. Mwaka 1901 Mjerumani David Hänig alipima kingo za ulimi akaandika tofauti hizo. Mwaka 1942 Edwin Boring wa Harvard akazichora upya kitabuni, na mchoro wake ukawafanya watu wadhani pale mstari unaposhuka ladha haipo kabisa. Virginia Collings alirudia vipimo mwaka 1974 akakuta tofauti ni ndogo kiasi cha kutokuwa na maana mezani. Picha haikusikia habari hizo. Tena haina hata pa kuiweka umami, ladha ile ya supu ya mifupa na dagaa ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliipa jina mwaka 1908.

Na pua? Hapo sitakaa sana. Bana pua, tafuna pipi ya nanasi, utasikia sukari na uchachu basi. Achia pua, nanasi linaingia. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka kinywani kwenda puani kwa mlango wa nyuma. Ndiyo sababu waonjaji tunavuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa ule mlio unaomfanya mama yangu aone kazi ya kunilea ilipotea bure. Tunairusha ipasuke iwe ukungu, ifike puani. Nikiwa na mafua sionji, naosha vikombe.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, maana ramani ya ulimi ni kichekesho tu. Kinachoniudhi ni ule mkoa wa mwisho: imani kwamba kahawa ni uchungu, na kahawa nzuri ni ile iliyozidi uchungu. Hata jina tumeipa, kahawa chungu, na kashata pembeni ya kufutia machozi. Naipenda, usinielewe vibaya. Lakini uchungu ule umetengenezwa zaidi na moto kuliko na shamba. Punje ikikaangwa hadi iwe nyeusi inayotoa mafuta, asidi zake zinaungua na uchungu mpya unazaliwa. Kafeini inachangia sehemu ndogo tu. Chukua arabika ya mlimani, yenye asidi ileile ya limau na ya tufaha, ikaange kama mkaa, halafu ilete mezani kwangu: sitaweza kukuambia imetoka Uru au imetoka mwezini.

Mnunuzi anayepandisha bei ya kahawa ya Kilimanjaro kwenye mnada hapa Moshi anafuata kitu kingine kabisa. Anafuata uchachu.

Na hapa lugha inanipiga mtama. Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa Old Moshi alileta sampuli yake. Nikamwagia maji kama kawaida, gramu 8.25 kwa mililita 150, nikavunja utando wa unga unaoelea juu baada ya dakika nne, nikaonja. Safi sana. Nikamwambia kwa furaha, "Shikamoo mzee, hongera, kahawa yako ina uchachu mzuri." Uso ukamwanguka. "Unaniambia imechacha?"

Angejibu nini kingine? Wali uliochacha unamwagiwa kuku. Maharage yaliyochacha ni aibu ya mke na mume. Nikajaribu "ukali", akauliza kama pilipili. (Na pilipili si ladha hata kidogo, ni mishipa ya maumivu na joto inayodanganywa; leo sitaingia huko.) Nikajaribu "ugwadu", akaona namwambia alichuma buni mbichi. Kosa la tunda bichi tunaliita ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokaza mashavu. Huo hauonjwi, unaguswa, na kwenye fomu yetu ya kupimia kahawa unakushushia alama. Kila neno nililonalo la kusifia limeshatumika nyumbani kulaumia. Na kwa upande wa pili tuna "tamu", neno ambalo kwetu ni la sukari, la nyama, la chumvi ikikolea, la hadithi na la usingizi. Mkulima akisema kahawa yake tamu, hajaniambia kitu, au ameniambia kila kitu.

Mbaya zaidi, mzee hakukosea. Kahawa yetu ya kuoshwa huchachushwa makusudi: inamenywa, inalazwa kwenye tangi hadi ule utelezi ulegee, inaoshwa, inaanikwa. Ukiisahau tangini inachacha kweli, inanuka siki, na punje chache za hiyo zinaharibu gunia zima. Uchachu ninaousifu umetoka kwenye tunda. Ule anaouogopa umetoka kwenye uzembe. Ni neno moja kwa vitu viwili, na tofauti yake ni fedha ya ada.

Kilichonishangaza ni kwamba mzee huyohuyo anakunywa mbege. Ndizi mbivu zilizopikwa zikachacha, uji wa ulezi, na magome ya mti wa msesewa ambayo yana uchungu wa dawa. Mbege ina uchachu na uchungu pamoja, na hakuna Mchaga anayehitaji semina ili kuipenda. Harusi, matanga, kesi ya mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, kata ya kunywea inazunguka. Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia chini ya migomba, ikasomesha watoto, chama chake cha ushirika, KNCU, kikaandikishwa 1933, lakini mezani haikukaribishwa. Wahaya kule Kagera walitafuna buni za kahawa yao ya robusta tangu zamani, wakaitumia hata kuunga udugu wa damu. Sisi tuliipima kwa mizani tu.

Niungame pia. Niliwahi kuwekewa kahawa ileile mara mbili bila kujua: Jumatatu niliipa alama 84 kati ya 100, Alhamisi 81.5. Kati ya hapo nilikuwa nimelala vibaya, basi. Na fomu inataka maelezo, nami huandika "bluberi", tunda nililolijua kwanza kwenye chupa ndogo ya harufu ya mafunzo. Kichwani huwa nimesikia zambarau. Naandika bluberi kwa sababu msomaji wa fomu hajawahi kupanda mzambarau, na kila nikiandika najiuliza ni ulimi wa nani umelipwa mshahara.

Mzee nilimpa kijiko. Hakutaka kutema, akaona ni ubadhirifu. Akakaa kimya, akavuta tena, safari hii kwa mlio kuliko wangu.

"Mbege ya siku ya kwanza," akasema. "Kabla haijakolea."

Nikaangalia fomu. Nikaandika: chungwa.