Mlo na Uzito Baada ya Kutolewa Mfuko wa Nyongo

Mfuko wa nyongo ni kiungo kidogo kilichojibana chini ya ini, upande wa kulia wa tumbo, na kazi yake ni kuhifadhi nyongo, si kuitengeneza. Nyongo hutengenezwa na ini, ambalo kwa mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja kila siku, ilhali mfuko wenyewe hubeba mililita 30 hadi 50 tu. Aliyewahi kuchuna mbuzi anaujua vizuri: ni kile kifuko cha kijani kilichogandamana na ini, ambacho hutolewa kwa uangalifu kisije kikapasuka na kuitia nyama uchungu. Ini hutengeneza, mfuko hutunza. Tofauti hiyo ikishikwa sawasawa, maswali mengi kuhusu mlo na uzito wa mtu aliyefanyiwa upasuaji huu hujijibu yenyewe, kwa kuwa hofu nyingi hutokana na dhana kwamba aliyetolewa mfuko hana tena nyongo, na kwa hiyo hawezi kusaga mafuta maisha yake yote.

Katika mwili wenye mfuko, nyongo inayotoka kwenye ini baina ya mlo na mlo huelekezwa mfukoni, ambako maji yake hunyonywa hadi ikawa nzito mara tano hadi kumi kuliko ilivyotoka. Chakula chenye mafuta kinapoingia katika mwanzo wa utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, nayo huuamuru mfuko ujikamue. Nyongo ile nzito humwagika kwa mkupuo na kuyavunja mafuta kuwa matone madogo sana, ili vimeng'enya vinavyotoka kwenye kongosho vipate pa kuanzia. Mfuko ukiondolewa, mtiririko haukatiki, bali hubadilika: nyongo isiyokolezwa hushuka polepole kutoka kwenye ini hadi utumboni mchana na usiku, pawe na chakula au pasiwe nacho. Hali hiyo ni sawa na ya nyumba iliyoondolewa simtanki ikabaki kutegemea bomba la barabarani, ambako maji yapo saa zote ila hayatoki kwa nguvu pale yanapohitajika mengi kwa pamoja. Kinachopotea, basi, ni ule uwezo wa kukabili mafuta mengi kwa wakati mmoja, na uwezo huo nao hurudi kwa kiasi kikubwa kadiri mwili unavyozoea.

Kwamba kiumbe huweza kuishi vizuri bila mfuko huu si jambo la kushangaza. Farasi, tembo na ngamia huzaliwa bila mfuko wa nyongo. Kwa binadamu, daktari Carl Langenbuch wa Berlin aliuondoa kwa mara ya kwanza mwezi wa Julai 1882, na mwaka 1985 mwenzake wa Ujerumani, Erich Mühe, akafanya upasuaji huohuo kwa njia ya matundu madogo, njia ambayo leo ndiyo ya kawaida popote penye vifaa. Aliyefanyiwa kwa matundu kwa kawaida huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo au ya pili yake, na hurejea katika shughuli zake baada ya wiki mbili hivi, ilhali aliyepasuliwa tumbo kwa mkato mrefu huhitaji wiki sita hadi nane.

Sababu kubwa ya kuondolewa mfuko ni mawe yanayoganda ndani yake, na aina ya mawe ina uhusiano na suala la uzito kuliko inavyodhaniwa. Mawe yatokanayo na kolesteroli huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa, watu wenye unene, waliovuka umri wa miaka 40, na wale waliopungua uzito kwa haraka mno. Mawe meusi, kwa upande mwingine, hutokana na kuvunjikavunjika kwa chembe nyekundu za damu, na katika Afrika Mashariki, ambako selimundu, ugonjwa wa kurithi unaoharibu chembe hizo, ni mwingi, daktari hukutana nayo hata kwa vijana wadogo. Hapa ushauri wa jumla hupotosha. Karatasi inayomwambia kila mgonjwa ale mafuta kidogo na apunguze uzito inaweza kumfaa mama wa miaka 50 mwenye kilo nyingi, lakini haimfai kijana wa selimundu ambaye mara nyingi ni mwembamba, mwili wake unatumia nguvu nyingi kutengeneza damu, na anachohitaji ni kuongeza chakula na kuwa na uzito zaidi ya alionao. Mtu wa namna hiyo apunguze mafuta kwa muda tu wa kupona, kisha arudishiwe.

Katika siku za kwanza baada ya upasuaji, utumbo bado ni mzito kwa sababu ya dawa za usingizi na za maumivu, na hamu ya chakula huwa ndogo. Huanziwa vitu vyepesi: uji mwepesi, supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta, chai isiyo na maziwa mengi, viazi au ndizi za kuchemsha, wali laini na samaki wa kuchemsha. Baada ya hapo, wataalamu wengi hushauri kuepuka vyakula vya mafuta mengi kwa angalau wiki moja, na wengine huongeza hadi wiki chache, wakisisitiza kula kidogokidogo mara tano au sita kwa siku badala ya sahani mbili kubwa. Hakuna mlo mmoja unaokubaliwa na wote. Katika hospitali za Uingereza wagonjwa wengi huambiwa kwamba wanaweza kurejea chakula chao cha kawaida mapema, mradi wajisikie vizuri. Hitilafu hiyo isimtie mgonjwa wasiwasi, kwa kuwa inaonyesha tu kwamba miili hutofautiana, na kwamba mgonjwa mwenyewe, akiandika alichokula na kilichomsumbua, hupata kujua mengi ambayo karatasi ya hospitali haiwezi kumwambia.

Kikwazo cha kweli katika jiko letu ni mafuta yasiyoonekana. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi za mafuta, na mchuzi wa kawaida wa nyumbani unaweza kuanza na vijiko vinne kabla nyama yenyewe haijatoa mafuta yake. Chapati husukumwa kwa mafuta na kuchomwa kwa mafuta. Maandazi, sambusa, chipsi na mihogo ya kukaanga hunyonya mafuta ambayo hayapimiki. Na samaki wa pwani huenda akakaangwa kwanza, kisha akatiwa katika tui zito. Kwa mtu anayekula takriban kilokalori 2,000 kwa siku, kiwango cha mafuta kisichozidi asilimia 30 ni kama gramu 65, kiasi ambacho si kidogo hata kidogo kikigawanywa katika siku nzima, lakini ni kikubwa kikiliwa chote katika mlo mmoja wa usiku. Kwa hiyo ugawaji una uzito kuliko katazo. Mchicha unaweza kupikwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, nyama ikachemshwa na kuungwa kwa nyanya na vitunguu, na maharage yakatiwa tui jepesi, yaani lile la mkamuo wa pili au wa tatu, bila mlaji kuona ameadhibiwa.

Kuhusu nazi, husemwa kwamba mafuta yake hayahitaji nyongo, na kwa hiyo aliyetolewa mfuko ajisikie huru nayo. Maneno hayo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Nazi ina mafuta ya minyororo mifupi kidogo ambayo hufyonzwa kwa urahisi, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, ambayo mwilini hupita zaidi njia ya mafuta ya kawaida. Tui zito lihesabiwe kama mafuta mengine.

Tatizo linalowasumbua baadhi ya wagonjwa kuliko yote ni kuharisha, hasa mara tu baada ya kula, na asili yake ni huo mtiririko usiokoma. Kwa kawaida asilimia 95 hivi ya chumvi za nyongo, yaani zile sehemu zake zinazovunja mafuta, hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini zitumike upya. Zinapofika kwa wingi kuliko uwezo wa ufyonzaji, hupenya hadi utumbo mpana, na huko huufanya utoe maji na kusukuma choo upesi. Wengi hupona wenyewe katika wiki au miezi michache. Katika kipindi hicho husaidia kupunguza kahawa, pilipili, maziwa mengi na vitu vitamu sana, na kuongeza taratibu vyakula vyenye nyuzinyuzi laini zinazoyeyuka katika maji, kama shayiri, papai, ndizi mbivu, viazi vitamu na maharage yaliyoiva sana. Neno taratibu lina sababu yake, kwani anayeruka ghafla kutoka mkate mweupe hadi bakuli la maharage na kabichi atajaa gesi na kulaumu upasuaji. Kuharisha kukiendelea, ipo dawa iitwayo kolestiramini, inayozishika chumvi za nyongo ndani ya utumbo. Huandikwa na daktari, na kwa kuwa huzishika pia dawa nyingine, mgonjwa huelekezwa kumeza hizo nyingine saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baada yake.

Mwezi wa Ramadhani huleta jaribio la pekee, kwa sababu desturi ya futari katika miji ya pwani ni kukusanya pamoja vile vyote ambavyo mtu huyu anapaswa kuvitawanya: kachori, bajia, katlesi, sambusa na mihogo ya nazi, baada ya saa nyingi za tumbo tupu. Aliyekwisha kupona, na ambaye daktari wake hakumkataza kufunga, hupata nafuu akifungua kwa tende, maji na uji, akasali, ndipo akala sahani ya kiasi, na vya kukaanga akavionja badala ya kuvifanya chakula.

Tuje kwenye uzito wenyewe. Wapo wanaopungua katika wiki za kwanza kwa sababu wanakula kidogo, na wapo wanaoongezeka katika mwaka unaofuata, nao hao wa pili hudai kwamba mwili bila mfuko wa nyongo hauwezi tena kuchoma mafuta. Mfuko hauhusiki na kuchoma mafuta ya mwilini. Kazi yake iliishia utumboni. Maelezo ya karibu zaidi ni haya mawili. La kwanza ni kwamba mgonjwa mwenye mawe, kwa miezi au miaka, alikuwa akila kwa woga, akijua kwamba pilau ya arusi itamlaza usiku kucha. Maumivu yakiondoka, hamu hurudi, na sahani hurudi nayo. La pili, ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha, ni kile kinacholiwa badala ya mafuta. Anayeogopa nyama na mchuzi hushiba mkate mweupe, biskuti, juisi na soda, akiamini kwamba visivyo na mafuta havina madhara, ilhali soda moja ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, na kilokalori zake hukaribiana na za kile kijiko cha mafuta alichokikimbia. Anayetaka uzito utulie apunguze vyote viwili, ajaze nusu ya sahani kwa mboga, asikose protini kama samaki, kuku asiye na ngozi, dagaa, mayai au kunde, na aanze kutembea mapema, kwanza kidogo ndani ya nyumba na baadaye nusu saa kila siku jeraha linaporuhusu.

Vinywaji vya kusafisha ini, pamoja na ule mchanganyiko maarufu wa mafuta ya zeituni na maji ya limau, havina kazi hapa. Kumnywesha glasi ya mafuta mtu asiye na mfuko wa nyongo ni kumletea hasa kile tulichosema mwili wake hauwezi.

Anayehitaji kupungua apungue nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kasi inayozidi kilo moja na nusu ndiyo inayojulikana kuzalisha mawe, na ingawa mfuko haupo, mawe bado yanaweza kutokea, kwa nadra, katika mrija mkuu wa nyongo, au yakawa yale yaliyosalia humo tangu siku ya upasuaji. Kupungua bila kukusudia ni habari nyingine. Choo kikiwa cha mafuta, kinanuka sana na kuelea, na kilo zikawa zinashuka ingawa mtu anakula, mafuta hayafyonzwi, na kongosho au utumbo vinapaswa kuchunguzwa. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka, au yakaja maumivu makali ya upande wa kulia pamoja na homa na kutetemeka, mrija huenda umeziba au umejeruhiwa, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.