Utalii wa jiolojia: maana yake, kwa mifano ya Rungwe, Mbozi na Iringa

Utalii wa jiolojia ni safari ya kwenda kuona mwamba, mlima, ziwa, pango au bonde ili kuelewa lilivyotokea. Mtu anayefika Daraja la Mungu kule Rungwe, akapiga picha tatu na kuondoka zake, amefanya utalii na hakuna wa kumlaumu. Ila akielezwa kwa nini mto Kiwira unapita chini ya mwamba mzima, akaanza kuukagua ule mwamba na kusahau simu aliyoishika, hapo dhana hii inakuwa imeanza kazi.

Si dhana ya zamani. Mwingereza Thomas Hose alitoa tafsiri yake mwaka 1995, na msisitizo wake ulikuwa mmoja: mgeni apewe maelezo na huduma zitakazomwezesha kuielewa jiolojia ya mahali, asiishie kusifia uzuri tu. Baadaye kidogo Marekani ikavuma maana nyingine iliyo pana zaidi, inayobeba sura nzima ya eneo pamoja na chakula, majengo na mila zake. Mwaka 2011 mkutano uliofanyika Arouca, Ureno, ukajaribu kuzipatanisha: jiolojia ibaki kuwa shina, lakini utamaduni, mazingira na maslahi ya wakazi yahesabiwe pia.

Mimi naegemea kwa Hose, maana tafsiri ikipanuliwa mno hata tamasha la ngoma litaitwa utalii wa jiolojia. Hata hivyo wa Arouca wana hoja. Ukienda Ikombe, karibu na Matema, utakuta Wakisi wanafinyanga vyungu vinavyojulikana mbali na kwao. Kazi yao inaanzia kwenye udongo wa mfinyanzi wa ufukwe ule, chini ya Milima ya Livingstone inayopanda moja kwa moja kutoka ziwani kwa sababu ardhi ilikatika hapo, upande mmoja ukazama na kuwa Ziwa Nyasa. Huwezi kuueleza udongo ukaacha chungu, wala chungu ukaacha ufa.

Na ufa ndio unaoeleza karibu kila kitu Mbeya. Mji huu uko mahali ambapo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakutana: mmoja unatoka Rukwa, kaskazini-magharibi, wa pili unashuka kusini na kuwa Ziwa Nyasa, wa tatu unaelekea Usangu. Ardhi inavutwa huku na huku kwa milimita chache tu kwa mwaka, lakini kwa mamilioni ya miaka. Ganda la dunia likivutwa hivyo hupungua unene na kupata nyufa, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto chini ya ardhi, ikapata pa kupandia. Kazi hiyo haijaisha. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la kipimo cha takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika Mashariki.

Volkano tatu zinazotajwa zaidi, Ngozi, Rungwe na Kyejo, zimepangana kufuata ufa huohuo kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na kila moja ina somo lake.

Ngozi ndiyo inayopata wageni wengi. Unashuka Isongole kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu, unaingia ndani hadi msitu unapoanza, kisha unapanda kwa miguu katikati ya mianzi na migomba pori mpaka ukingoni. Ziwa liko chini kabisa, kijani, kuta zake zimesimama wima, na hakuna mto unaoonekana kutoka. Waongozaji hupenda kusema umbo lake linafanana na ramani ya Afrika. Sawa, linafanana kidogo. Lakini la kuuliza pale ukingoni ni: mlima umekwenda wapi? Jibu ni kwamba volkano ilitoa kwa nguvu magma iliyokuwa imejaa chini yake, tumbo likabaki tupu, na kilele kikadidimia kama paa la nyumba iliyong'olewa nguzo. Shimo la namna hiyo wanajiolojia huliita kaldera. Ukishajua hilo, uwazi ule wa kama kilomita 3 unaokutenganisha na ukingo wa pili unauona kwa jicho jingine: hapo pote palikuwa na mlima.

Mlima Rungwe, wenye mita 2,960 hivi, una habari kubwa ambayo wengi tunaipita ndani ya basi. Miaka kama 4,000 iliyopita ulilipuka kwa kishindo na kurusha angani mawe mepesi yaliyomwagika eneo kubwa. Ushahidi uko pembeni ya barabara. Popote ukingo ulipokatwa kupisha lami au kiwanja cha nyumba karibu na Tukuyu, angalia chini ya udongo mweusi wa shamba: mara nyingi utaona mkanda wa kokoto za rangi ya maziwa zilizochangamana na vumbi. Chukua moja. Ina vitundu kila upande, haina uzito wa jiwe, na ukiitupa kwenye ndoo ya maji inaelea. Vile vitundu ni mapovu ya gesi yaliyogandia ndani wakati jiwe linapoa hewani. Juu ya mkanda huo ndipo kuna migomba, chai na viazi vinavyolisha masoko ya Mbeya na Dar es Salaam. Hakuna kiingilio kuutazama ukingo wa barabara, na kwa maoni yangu ni kituo bora kuliko baadhi ya maporomoko yenye mabango.

Kyejo ndiyo iliyolipuka karibuni zaidi. Lava yake ya mwisho, yaani magma iliyomwagika juu ya ardhi, inakadiriwa kutoka yapata mwaka 1800, na makadirio hayo yameegemea masimulizi yaliyohifadhiwa na wenyeji. Wanaodhani hadithi za wazee na sayansi ni mahasimu wangekumbuka mfano huu. Chini ya mlima huo bado kunatoka gesi ya kaboni dioksidi kwa wingi kiasi kwamba huvunwa kwa visima na kuuzwa viwandani, vikiwemo vya soda.

Turudi Daraja la Mungu. Sehemu ya juu ni lava iliyoganda ikawa mwamba mgumu. Mto ukatafuta udhaifu chini yake, ukala polepole hadi ukapata uchochoro, na juu likabaki tao. Si mbali na hapo, kwenye mto huohuo, kuna Kijungu. Maji yanaingia kwa fujo kwenye shimo la duara, yanapotea chini ya mwamba, kisha yanaibukia mbele. Shimo limechongwa na mawe yanayozungushwa na maji mahali pamoja miaka nenda rudi. Atakayetazama kingo zake kwa makini ataona zilivyolainishwa kwa msuguano. Daraja na Kijungu ni kazi ya fundi mmoja, na inashangaza kwamba vinatembelewa kama vitu viwili visivyohusiana.

Kimondo cha Mbozi ni mgeni katika orodha hii. Hakikuumbwa na ufa wala volkano, kilitoka angani, na kuna watakaosema kwa haki kabisa kwamba ni somo la elimu ya anga. Mimi nakiweka humu kwa sababu kinafundisha kilichomo ndani ya sayari ambako hakuna atakayechimba akafika: chuma na nikeli. Kiko Marengi, mkoa wa Songwe, unapoacha barabara kuu ya Tunduma. Kina urefu wa mita 3 hivi na uzito wake umekadiriwa kuwa tani 12, wengine wakisema 16. Chuma ni kama asilimia 90, nikeli zaidi ya 8. Ukikigonga kwa kokoto kinalia mlio wa chuma, na ukiweka kiganja jua la mchana likiwa limekichoma utakitoa haraka. Wenyeji walikijua zamani. Nje ya hapo kikaandikwa mwaka 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipokifikia. Wakati huo kilikuwa kimefukiwa nusu. Udongo ukachimbwa pembeni ikaachwa nguzo chini yake, na nguzo hiyo ndiyo iliyojengewa msingi kinapokaa leo. Hakuna shimo la kuanguka kwake linaloonekana, wala masimulizi ya siku kilipodondoka, na hiyo ni dalili kwamba kilikuja zamani mno. Kwenye ncha yake utaona alama za mahali kilipokatwa vipande.

Alama hizo zinatuleta kwenye sehemu ya dhana ambayo waandaaji wa safari huiruka. Utalii wa jiolojia hauendi bila kutunza. Hapa Nyanda za Juu Kusini mvutano ni wa kweli, maana miamba ileile ina kazi nyingine. Mlima Panda, magharibi ya jiji la Mbeya, umetokana na magma adimu yenye asili ya kaboneti, na una niobi, metali inayotafutwa kwa kuimarisha chuma cha pua na vyuma vingine. Karibu na hapo, chemchemi za maji moto za Songwe zimejenga kwa maelfu ya miaka tabaka za mawe ya chokaa, na mawe ya namna hiyo hukatwa kwa ajili ya ujenzi. Sisemi watu wasichimbe; nyumba zinataka saruji. Ila eneo lenye somo lisilopatikana kwingine lingetengwa kabla tingatinga halijafika.

Iringa ina sura tofauti kabisa. Hakuna volkano changa, kuna majabali ya kale ya graniti kama Gangilonga lililo juu ya mji, na kuna Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya. Wageni huenda kupiga picha nguzo za udongo zilizosimama korongoni. Nguzo hizo zimechongwa na mvua: tabaka laini lilikwanguliwa, na palipokuwa na kipande kigumu juu pakakingwa na kubaki wima. Lakini mmomonyoko huohuo ndio uliofunua zana za mawe za watu walioishi kando ya maji yaliyokuwa hapo, zaidi ya miaka 260,000 iliyopita. Mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliziona mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 mtafiti Mmarekani Clark Howell na wenzake wakachimba kwa utaratibu. Yako mashoka ya mkono makubwa hivi kwamba unajiuliza nani aliyaweza. Kwa hiyo mvua inafanya kazi mbili Isimila: inafunua na inabomoa. Korongo utakaloliona wewe silo atakaloliona mwanao.

Kuna pia maarifa yasiyo na utalii. Kwenye miamba ya bonde la Rukwa, upande wa Songwe na Mbeya, watafiti wamepata mabaki ya Rukwapithecus, jamii ya nyani wasio na mkia aliyeishi miaka milioni 25 iliyopita, yaliyotangazwa mwaka 2013 pamoja na ya Nsungwepithecus, jamii ya tumbili. Yametajwa kuwa miongoni mwa ya zamani kabisa duniani kwa makundi yao. Dinosaria Rukwatitan alitangazwa mwaka 2014. Hata hivyo, mgeni akifika Mbeya akaomba apelekwe, atapelekwa wapi? Sayansi ipo, kituo cha kuieleza hakipo, na kwa tafsiri ya Hose hapo dhana haijatimia.

Upande wa pili kuna hadithi tupu. Ziwa Masoko, wilayani Rungwe, husimuliwa zaidi kwa fedha za Wajerumani zinazodaiwa kutupwa humo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Hadithi ni tamu na isifutwe. Mwongozaji mzuri angeongeza kwamba ziwa lenyewe ni shimo la mlipuko: magma ilikutana na maji ya ardhini, maji yakageuka mvuke ghafla, ardhi ikapasuka.

Mwisho kuna neno linaloambatana na dhana hii, jiopaki: eneo lenye urithi wa miamba wa hadhi ya kimataifa ambalo watu wanaendelea kuishi, kulima na kufanya biashara ndani yake. UNESCO iliufanya mpango huo kuwa wake rasmi mwaka 2015. Tanzania ina Ngorongoro-Lengai, iliyotambuliwa mwaka 2018, ya kwanza kusini mwa Sahara. Hadhi si ya kudumu. Wakaguzi hurudi na kadi: ya kijani inakupa miaka 4, ya njano miaka 2 ya kurekebisha kasoro, nyekundu unatoka. Kwa Rungwe na jirani zake miamba haitakuwa kikwazo. Kazi ngumu ni kuweka mabango yanayosema ukweli, kufundisha waongozaji vijana wa Isongole na Tukuyu kusoma tabaka za ardhi, na kuviunganisha vituo vilivyo chini ya mamlaka tofauti.

Anayetaka kujaribu sasa aende kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa sababu njia ya Ngozi ikilowa inateleza vibaya na ukungu hulificha ziwa lote. Kijungu kiko kwenye eneo la chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo ruhusa huombwa getini, beba kitambulisho.