Tivii ya sahani: picha inayopita kwenye matundu 32

Kila anayeiona hii mashine mezani anauliza kioo kiko wapi. Haina kioo wadau. Ina sahani nyeusi inayozunguka, nyuma yake taa ya LED, basi. Huku Tanzania bara stesheni za tivii zimeanza 1994, Zanzibar walitutangulia 1973 tena na rangi kabisa, kwa hiyo sisi tivii tumeikuta ni ya chogo tayari, hii ya mota hatukuwahi kuiona. Ila ndo ilianza. Paul Nipkow, Mjerumani, aliomba hataza (patent) ya wazo hili 1884, halafu John Logie Baird wa Scotland akaja kuonyesha picha zinazotembea kule London Januari 26, 1926.

Sasa inafanyaje kazi. Sahani ina matundu 32 madogo sana, kila tundu limesogea ndani kidogo kuelekea katikati kuliko lililotangulia. Likipita kwenye kidirisha kile unachotazamia picha linachora mstari mmoja, likitoka linaingia jingine linachora mstari wa pembeni yake, na muda wote taa inawaka na kufifia kufuata picha. Yaani ukisimamisha muda, kwenye kidirisha kuna nukta moja tu ya mwanga. Picha nzima inaungwa na jicho lako. Mimi hapo ndo naipendea hii kitu.

Sahani inazunguka mara 12.5 kwa sekunde, ambayo ni 750 kwa dakika, zidisha na matundu 32 unapata mistari 400 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ndogo mno kwa tivii, ndogo kiasi kwamba picha inaenea ndani ya sauti ya kawaida! Naihifadhi kwenye simu kama faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, natoa kwa waya wa hedifoni mpaka kwenye bodi inayoongoza mota na taa. Chomeka spika badala ya bodi utaisikia picha inaunguruma, na mtu kwenye picha akigeuza kichwa muungurumo nao unabadilika. Ila msitumie MP3 wala bluetooth, hizo zinapunguza vitu ambavyo sikio halivioni kuwa na maana lakini jicho linavikosa, na ekwalaiza ya simu zimeni kabisa.

Seti niliyoagiza ina bodi ya kuongoza mota na taa, vingine vyote nimeokota kwa mafundi wa hapa mjini. Mota ni ya printa mbovu. Za redio kaseti nyingi achaneni nazo, zina kidhibiti mwendo humo ndani, bodi inavuta huku mota inavuta kule. Karatasi ya kusambaza mwanga mbele ya LED nimetoa kwenye tivii flati iliyopasuka, na umeme ni betri tatu za 18650 za laptop iliyokufa, nimeziunga mfululizo, kwa hiyo naibeba popote hata kama umeme umekatika.

Kazi yenyewe iko kwenye matundu. Sahani yangu ina upana wa sentimita 20, ukikokotoa unapata picha ya kama milimita 18 kwa 12, na kila mstari una nafasi isiyofika milimita 0.4. Tundu likikaa nje kidogo tu ya mahali pake utaona mstari mweusi upande mmoja na mstari unaong'aa upande wa pili, na hakuna namna ya kurekebisha kwenye bodi. Chora kwa kompyuta, printi, bandika juu ya sahani, toboa taratibu.

Ukiwasha, picha mwanzoni inalala kimshazari na kukatika vipande, hiyo ni mota haijafika mwendo. Ikikaa wima lakini imegawanyika, shingo juu na kichwa chini, mwendo uko sawa ila sahani imeanza pasipo pake, iguse kidogo sana na kidole ukingoni ichelewe, picha itasogea yenyewe mpaka ikae, halafu kile kijicho cha mwanga kinachohesabu matundu kinaishikilia hapo.

Na kwa sisi wa Dodoma kuna vumbi, hasa miezi ya upepo. Mstari mmoja mweusi ambao jana haukuwepo maana yake tundu moja limeziba. Usichokonoe na sindano, utalipanua, tumia brashi laini na pumzi.