Chembe za nano za polima zenye vitundu ni nini?

Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, kama shanga kwenye uzi. Plastiki ya ndoo ni polima, wanga wa ugali nao ni polima. Ukiitengeneza polima iwe chembe ya nanomita mia moja au mia mbili (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), yenye vitundu kila upande, umepata chembe tunayoizungumzia. Seli nyekundu ya damu, kwa kulinganisha, ina upana wa nanomita 7,000 hivi.

Wengi huifananisha na sifongo. Mfano huo unafaa nusu tu, maana sifongo hujaza maji kwenye nafasi zake, ilhali hapa zinazofanya kazi, kwa kushika vitu, ni kuta za vitundu. Na kuta ni nyingi ajabu: polima iitwayo PAF-1, iliyotangazwa mwaka 2009, ina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 5,000 kwa gramu moja. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira.

Chembe hizi hutumika kubeba dawa mwilini na kunasa uchafu wa maji, na kinachotofautisha matumizi hayo ni nguvu ya mshiko. Dawa inatakiwa ishikwe kwa muda kisha iachiwe. Ndiyo maana hutumika polima kama PLGA, ambayo maji ya mwilini huimega polepole ikabaki asidi ya laktiki na ya glikoliki, vitu ambavyo mwili unajua kuvishughulikia. Dawa hutoka kidogo kidogo kwa siku au wiki. Kasoro yake ni kwamba dawa iliyo karibu na uso huweza kutoka kwa mkupuo saa za mwanzo, na vitundu vikubwa huzidisha tatizo hilo.

Uchafu wa maji, kinyume chake, unatakiwa unaswe usitoke. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha kazi yao ya kuunganisha saiklodekstrini, pete ndogo zinazotokana na wanga, zikawa polima yenye vitundu. Ilinasa bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, upesi kuliko mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu kunasa uchafu. Tena ilisafishwa kwa kusuuzwa na alkoholi tu, wakati mkaa huhitaji joto kali.

Punje za polima hiyo si lazima ziwe za nano. Zikiwa za nano kweli, kuzichuja majini baada ya kazi ni shida, hivyo wengine huzitia oksidi ya chuma ndani ili zivutwe kwa sumaku.