Koriokasinoma: kansa inayofuatiliwa kwa homoni ya mimba

Mama aliyesafishwa kizazi kwa sababu ya mimba zabibu huambiwa arudi hospitali mara kwa mara kupimwa mimba. Wengi hushangaa. Mimba si imeshatolewa? Kinachotafutwa ni dalili ya koriokasinoma.

Koriokasinoma ni kansa inayoanzia kwenye seli za kondo la nyuma. Inaweza kufuata mimba iliyoharibika, au hata uzazi uliokwenda salama, lakini mara nyingi hutanguliwa na mimba zabibu, yaani mimba ambayo badala ya mtoto huota vifuko vya maji vilivyoshikana kama kichala. Katika mimba zabibu kamili, yai lililokosa vinasaba vya mama hurutubishwa na mbegu ya baba, na kondo hukua bila mtoto. Mama hana kosa lolote hapo, ingawa lawama humfikia mapema kuliko majibu ya maabara.

Kondo la kawaida hukua haraka, huchimba ukuta wa mji wa mimba hadi kwenye mishipa ya damu, na hutoa homoni ya hCG, ile inayoleta mistari miwili kwenye kipimo cha mkojo. Koriokasinoma imerithi tabia zote hizo. Kwa kuchimba mishipa, husafiri na damu upesi hadi kwenye mapafu, ini na ubongo, na zamani mgonjwa aliyefikia hatua hiyo alikuwa hana matumaini. Ila kwa kuwa seli zake hutoa hCG, popote zilipo mwilini huacha alama kwenye damu na mkojo.

Aliyeifuata alama hiyo hadi mwisho ni Min Chiu Li, daktari mzaliwa wa China aliyekwenda Marekani mwaka 1947. Mwaka 1956, akiwa na Roy Hertz katika Taasisi ya Taifa ya Kansa huko Bethesda, alianza kuwatibu wanawake wenye koriokasinoma kwa methotrekseti. Dawa hiyo huzuia kazi ya foliki, kirutubisho kilekile kilichomo kwenye vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito. Bila foliki seli haiwezi kutengeneza DNA mpya, na isipotengeneza haigawanyiki. Seli inayogawanyika kwa pupa ndiyo huumia kwanza.

Uvimbe kwenye mapafu ya wagonjwa wa mwanzo ulitoweka katika picha za eksirei. Kwa desturi ya wakati ule, hapo tiba ingesimama. Li hakusimama. hCG ilikuwa imeshuka sana lakini bado ipo kidogo, naye akaona kidogo hicho lazima kinatoka kwenye seli zilizobaki, ndogo mno kuonekana kwa eksirei. Akaendelea kutoa dozi hadi homoni ikaisha kabisa. Wenzake waliona anawatesa kwa sumu wanawake waliokwisha kupona, na mwaka uliofuata akaambiwa aondoke. Muda ukaonyesha kwamba waliotibiwa hadi homoni ikaisha hawakurudiwa na ugonjwa, na waliokatishwa mapema walirudiwa. Kwa maoni yangu, dawa yenyewe ilikuwa nusu tu ya ugunduzi. Nusu ya pili ilikuwa kujua siku ya kuacha kuitoa. Mwaka 1972 Li alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya Marekani ya utafiti wa tiba.

Hii ndiyo kansa ya kwanza ya uvimbe, iliyokwisha kusambaa, kuponywa kwa dawa peke yake. Siku hizi wagonjwa wenye hatari ndogo hupona karibu wote, mara nyingi bila kuondolewa kizazi, na wengi huzaa baadaye. Ugonjwa ukiwa mkali zaidi, madaktari huchanganya dawa kadhaa, lakini bado huongozwa na hCG, na hata ikishafika chini huongeza mizunguko kadhaa ya dawa.

Kwa hiyo mama wa mimba zabibu hupimwa kila wiki hadi homoni irudi kawaida, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa. Ikiacha kushuka, au ikianza kupanda, tiba huanza hata kama hajisikii mgonjwa. Muda wote huo hushauriwa atumie uzazi wa mpango, kwa sababu mimba mpya nayo hutoa hCG, na kipimo hakitaweza kusema inatoka wapi.