Je, wajua kwa nini utemi wa Unyanyembe, yaani uchifu wa Wanyamwezi wa Tabora, ulifutwa bila vita?

Hili neno "ikulu" tunalolisikia kila siku kwenye taarifa ya habari, Wanyamwezi walikuwa nalo tangu zamani: ndiyo makao ya mtemi. Sasa ilikuwaje mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa machifu nchi nzima, na Tabora isipigane? Wenzetu wa Buganda walikuwa na chama kabisa cha kumtetea mfalme, Kabaka Yekka, yaani "Kabaka tu", na mwaka 1966 risasi zililia Mengo, kwenye kasri la Kabaka.

Tazama ni nani waliokuwa wakikishikilia kiti. Zamani ni wanyampara, wazee wa ikulu, waliochagua mrithi ndani ya ukoo. Mtemi alivaa kibangwa, kisahani cheupe cha kombe kilichopandishwa na misafara kutoka pwani, akijua fika kwamba kakipata kwa ridhaa yao.

Akaja Mnywa Sere, aliyemrithi mtemi Fundikira alipofariki mwaka 1858. Akawatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Wakamfukuza, wakamsimika Mkasiwa. Mnywa Sere aliingia porini na wafuasi wake, akapigana miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865. Hao ndio watetezi wa kiti ninaowaelewa mimi! Ila tangu hapo mgeni alishajua kwamba mtemi anaweza kuwekwa. Isike, mtemi wa baadaye, aliukataa mchezo huo. Januari 1893 Wajerumani walipoingia kwenye boma lake, aliwasha baruti akajilipua humohumo.

Waingereza hawakuhitaji mizinga. Walimpa mtemi mshahara na kazi ya kukusanya kodi ya kichwa. Nani atamfia mtu anayemdai kodi?

Na watoto wa machifu wenyewe walishapelekwa Tabora School, iliyofunguliwa kwa ajili yao miaka ya 1920. Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, alipita hapo. Mtemi wa Unyanyembe, Abdallah Fundikira, aliingia TANU, na baada ya uhuru akawa waziri wa sheria. Yaani mtu ambaye angewaongoza watetezi wa kiti alikuwa serikalini, upande wa waliokifuta. Mwaka huohuo wa 1963 alijiuzulu. Vyama vingi viliporudi, miaka ya 1990, alianzisha chake, UMD (Union for Multiparty Democracy). Hakikuwa chama cha kurudisha utemi.