Kijiko kwa kijiko usiku kucha

Kwa miaka mingi katika kliniki ya watoto hapa Lamu nimewaeleza kina mama jambo hili kwa sentensi moja: mtoto akihara, mpe maji ya ORS kidogo kidogo. ORS ni unga wa pakiti, wa chumvi na sukari, unaokorogwa kwa maji ili kurudisha maji yaliyopotea mwilini. Nikishasema, namwita anayefuata. Uzito wa maneno hayo niliujua usiku mmoja wa masika, wanangu wawili walipohara na kutapika kwa pamoja. Mkubwa alikuwa na miaka 3, mdogo hajatimiza mwaka.

Nilikoroga ORS nikampa mdogo kwa kikombe. Alikuwa na kiu, akanywa kwa pupa, na kikombe hakijafika chini akatapika yote. Nikampa tena, akatapika tena. Lilikuwa kosa lile lile ninalowakataza wenzangu kila siku. Kiu ya mtoto humtia mzazi haraka, lakini tumbo lililochafuka halipokei kingi kwa mara moja. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza upya, polepole zaidi ya mwanzo.

Sasa piga hesabu. Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa umri huo anahitaji mililita 50 hadi 100. Aliyetimiza miaka 2 anahitaji 100 hadi 200. Kijiko cha chai ni mililita 5. Mililita 100 ni vijiko 20, yaani karibu nusu saa umempakata, na huenda akaenda choo tena kabla hujamaliza. Hakuna mama anayeyaweza hayo peke yake hadi alfajiri. Baba ashike zamu, shangazi ashike zamu, bibi ashike zamu, na mama apate nafasi ya kunyonyesha, kwa sababu maziwa ya mama hayasimamishwi hata mtoto akiendesha namna gani.

Maji ya kuchanganyia nayo yana maneno. Pakiti nyingine ni ya nusu lita, nyingine ni ya lita nzima; soma kwanza, kisha pima kwa chupa unayoijua ujazo wake. Na sisi watu wa visiwani tuna jambo letu: visima vingi vina maji ya munyu. Chumvi ya ORS imeshapimwa. Ukiikoroga kwa maji ya chumvi unamzidishia mtoto, na chumvi ikizidi mwilini hudhuru ubongo. Tafuta maji matamu, yawe ya upande wa matuta ya mchanga ya Shela au ya mvua yaliyowekwa kwenye jabia, yaani birika kubwa la kujengwa, yachemshe, yaache yapoe. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwage. Wengi huniuliza kuhusu madafu. Maji ya dafu ni kinywaji kizuri kwa mtoto aliyekwisha kuanza kula, ila chumvi yake ni ndogo mno kurudisha ile inayotoka kwa kuhara. Mpe dafu na ORS, usiache ORS kwa ajili ya dafu.

Pamoja na ORS kuna vidonge vya zinki: kimoja cha miligramu 20 kwa siku, na nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Hutolewa siku 10 hadi 14. Hapa ndipo wazazi wengi hukata njiani, maana siku ya tatu choo kimeshika na mtoto anacheza. Malizeni. Zinki hufupisha ugonjwa, na humkinga mtoto asirudie kuhara katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Dawa za kufunga tumbo msimpe kabisa.

Utosi ukididimia, msiupake kitu wala msimbonyeze mtoto kaakaa. Utosi wenyewe hauna maradhi. Ni maji yamepungua mwilini. Tazama pia macho yake kama yameingia ndani, kisha finya ngozi ya tumbo uiachie: ikirudi polepole, hali imekuwa nzito.

Na hali ikiwa nzito, mzazi wa kisiwani hutazama pia maji ya bahari. Anayetoka Pate, Siyu au Faza kuja Lamu hupita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, na maji yakipwa mkondo ule haupitiki vizuri. Kwa hiyo amueni mapema, maji yangali yamejaa. Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya wala kunywa, aliyelegea haamki vizuri, au aliyeshikwa na degedege, haongojwi asubuhi. Choo chenye damu nacho ni safari ya siku hiyo hiyo. Wa degedege mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Najua bibi atataka asomewe kwanza. Kusomewa hakukatazwi, asomewe botini, na chupa ya ORS iwe mkononi, vijiko viendelee njia nzima maadamu yu macho na anameza.

Usiku ule hatukufika huko. Mume wangu alimshika mkubwa, mimi mdogo, na mama mkwe akawa anachemsha maji na kuandika kwenye karatasi kila choo na kila kikombe kilichokwisha. Karibu na adhana ya alfajiri nepi ya mdogo ilikuwa nzito kwa mkojo, wa kwanza tangu usiku wa manane. Nililia. Mkubwa alipoamka aliomba uji, nao akapewa pale pale, kwani mtoto anayehara hafungishwi. Kwa wiki mbili baadaye kila mmoja alipata mlo mmoja wa ziada kwa siku: uji wa maziwa, ndizi iliyopondwa, samaki aliyechambuliwa miba.

Chanjo ya rota, inayokinga kuhara kukali kwa watoto wachanga, imo katika ratiba ya Kenya tangu 2014 na huanza mtoto akiwa na wiki 6. Fungueni kijitabu cha kliniki leo muangalie kama ukurasa huo umejazwa.